Nilivyomaliza moshi wa Triumph yangu: bushi za valvu na gasketi ya shaba

Ushauri unaoniudhi kuliko wote katika pikipiki za zamani ni ule wa kwamba kila moshi wa buluu dawa yake ni ringi, yaani zile pete za pistoni. Triumph yangu, TR6 ya mwaka 1967 ambayo mjomba aliniachia baada ya kustaafu kazi kwenye shamba la mkonge mkoani Tanga, ilikwishabadilishwa ringi na mafundi wawili kabla sijaamua kuifungua mwenyewe, na kila mara moshi ulirudi vilevile.

Dalili ilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angekubali kuipanda. Barabara ya kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni mteremko na kona tupu. Nikiwa napanda, ekzosi zilikuwa safi. Nikishuka huku nimeachia mafuta, kisha nikavuta tena baada ya kona, wingu la buluu lilitanda nyuma yangu. Kabureta ikifungwa huku injini bado inazunguka kwa kasi, mvuto mkali hujengeka kwenye njia ya hewa na kunyonya oili kupitia upenyo ulio kati ya shina la valvu na bushi yake, yaani ule mrija mfupi ambamo shina hupanda na kushuka. Injini hizi hazina sili za mpira juu ya bushi kama pikipiki za sasa, kwa hiyo bushi ikilika hakuna kingine cha kuizuia oili. Ringi zilizokwisha kwa kawaida hutoa moshi zaidi injini inapobeba mzigo, na yangu mlimani haikutoa hata kidogo.

Nilipofungua silinda hedi, yaani kile kichwa cha alumini kinachoifunika silinda na kubeba valvu, nilikuta kwamba fundi aliyenitangulia alikwishagusa bushi moja ya upande wa ekzosi, na namna alivyoigusa bado inanichemsha damu. Aliitoa kwa kuigonga kwa kipande cha nondo huku alumini ikiwa baridi, tena bila kukwangua masizi yaliyoganda kwenye ncha yake ya chini. Bushi ya injini hii hutolewa kwa kusukumwa kuelekea juu, kwa hiyo masizi yale magumu yalipita tundu lote yakilichora kama msasa. Mistari ilionekana kwa macho, na nilipopitisha ukucha ulikwama. Bushi mpya aliyoiweka ilikuwa ya chuma cha kusubu yenye kipimo cha kawaida, na alipoona inacheza aliishikiza kwa gundi ya chuma. Alumini hutanuka kwa joto karibu maradufu ya chuma hicho; tundu ambalo tayari limelegea likiwa baridi litalegea zaidi pikipiki ikishika moto, na gundi haiwezi kulibadili hilo.

Nilichagua bushi za bronzi, kwa sababu bronzi hutanuka kwa kiasi kinachoikaribia alumini na hupitisha joto vizuri kutoka kwenye valvu ya ekzosi. Kwa tundu lile lililochorwa niliagiza bushi nene kidogo kuliko ya kawaida, kisha fundi wa kukereza vyuma akalisafisha tundu hadi mistari ikaisha na kuipunguza bushi mpaka ikabaki imelizidi tundu kwa kati ya milimita 0.03 na 0.04. Bei ya bushi ilikuwa ya kawaida tu. Usafiri wake ndio uliouma.

Kuingiza ndiko kulikonipa raha. Mwuza aiskrimu jirani yangu alinihifadhia bushi kwenye friza usiku kucha. Asubuhi nilipeleka silinda hedi kwa mwoka mikate, ambaye alinipa sharti moja tu, kwamba niioshe mpaka isinuke petroli hata chembe. Niliiacha ndani ya oveni, pamoja na joto lililobaki baada ya mikate, hadi tone la maji likidondoshwa juu yake lilirukaruka badala ya kutulia. Zile za zamani zilitoka kwa kugongwa taratibu kwa kisukumio chenye ncha nyembamba inayoingia ndani ya bushi na bega linaloikalia kingo. Mpya zilizama kwa kugongwa kidogo tu, lakini lazima uwe mwepesi, maana baridi ya bushi huisha ndani ya sekunde chache na ikikwama katikati utalia. Silinda hedi ikipoa, pitisha rima, yaani kikereza cha kusawazisha tundu la ndani ya bushi, na usidanganywe kwamba dawa ya kusagia valvu inatosha: bushi mpya huhamisha kitovu kidogo, kwa hiyo siti, yaani pale valvu inapokalia ikifunga, lazima ikatwe upya kwa nyuzi 45 kwa kikatio kinachoongozwa na bushi hiyohiyo.

Kwenye gasketi, yaani bamba jembamba la kuziba kati ya silinda na silinda hedi, ndiko wengi wanapojiharibia. Za mchanganyiko wa nyuzi hustahimili uso wenye kasoro ndogo, ila ukifungua umeitupa. Mimi nilibaki na shaba nyekundu ya milimita moja, ambayo hutumika tena ukiilainisha: ipashe kwa gesi mahali penye kivuli hadi iwe nyekundu iliyofifia, itumbukize majini, kisha isugue kwa stili wulu. Nilishauriwa niweke ya milimita mbili ili injini isigonge kwa petroli yetu. Kwa pistoni ya milimita 71 na mgandamizo wa 9 kwa 1, milimita hiyo moja ya ziada huushusha mgandamizo hadi takriban 8.3, na hilo si baya. Tatizo ni kwamba inainua silinda hedi, na mabomba yanayofunika fito za kusukuma valvu, yaliyobanwa kati yake na silinda, hupoteza mbano wa mipira yake ya kuzibia, hivyo oili huvuja. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mipira ikiwa minene mno huishikilia silinda hedi juu, gasketi haibanwi sawasawa, nayo huungua.

Kwa hiyo pima. Panga gasketi, mabomba na mipira, weka silinda hedi juu bila kukaza bolti, kisha ingiza fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya gasketi na silinda hedi. Nafasi ikiwa karibu milimita moja au pungufu kidogo, mipira itabanwa ipasavyo. Ikizidi au ikipungua, badilisha unene wa mipira. Silikoni ambayo kila fundi wa kijiweni atakuletea haina kazi hapo.

Baada ya kuiwasha hadi ikapata moto, niliiacha ipoe kabisa, nikakaza bolti upya, ndipo nikarekebisha valvu: milimita 0.05 upande wa hewa na 0.10 upande wa ekzosi, injini ikiwa baridi. Usizirekebishe kabla ya kukaza upya, kwa sababu gasketi ikishuka na vipimo hivyo hubadilika.