Bangkok na Mama Mkwe

Baba watoto huenda Bangkok kufunga mzigo wa nguo, na kila akirudi Unguja hadithi zake ni foleni na joto. Safari hii tukamfuata sote: mimi, watoto na mama yake, ambaye mpaka Doha tukisubiri kuunganisha ndege alikuwa bado anauliza, "Huko tutakula nini?"

Ilikuwa Mei. Tulipotoka tu nje ya uwanja wa Suvarnabhumi, joto zito la unyevunyevu likatuvaa. Teksi ilikimbia vizuri juu ya barabara za kulipia, kisha ikateremka mjini na kuganda. Bodaboda wenye vizibao vya rangi ya chungwa wakawa wanapenya ubavuni mwetu, abiria wao wanachati kwenye simu kana kwamba wamekaa sebuleni.

Tulifikia Ratchathewi, karibu na soko la Pratunam. Jioni ile baba watoto akatupeleka kichochoro cha saba cha barabara ya Phetchaburi, ulipo msikiti wa Darul Aman. Vibanda vya chakula vimepangana, wauzaji wengi ni kina mama waliojitanda mitandio. Mama akatoa salamu, ikaitikiwa. Akaletewa biriani ya kule, wali wa manjano na paja la kuku, na sosi ya kijani yenye ukali wa kuchokoza ulimi. Akamaliza sahani. Swali la chakula sikulisikia tena.

Kesho yake ndiyo iliyotutia adabu. Kwenye gari la kusukuma, mwanangu akaona mashokishoki na kupiga kelele kama aliyekutana na jamaa. Pembeni yalikuwapo madoriani, makubwa kuliko yetu mara mbili. Muuzaji alivaa glavu, akaligonga moja kwa kijiti, akasikiliza, akaliweka. Akagonga la pili, akatikisa kichwa kukubali. Akalipasua kwa kisu kifupi, akatoa mapande manene ya rangi ya siagi. Mama akaonja, tukamtazama usoni. "Nyama ipo," akasema, "lakini harufu wameiachia wapi?" Alitaka kubeba lililobaki hotelini, ila mlangoni palichorwa doriani lenye mstari mwekundu wa kukataza. Tukalimalizia kibarazani, tumechutama, na mlinzi anacheka.

Boti za mto Chao Phraya ndizo nilizozipenda zaidi. Tulipanda ya bendera ya chungwa. Nyuma yake husimama kijana anayempigia nahodha filimbi, ya kukaribia gati mlio mmoja, ya kuondoka mwingine, na konda hupita akitikisa kopo refu la bati lenye sarafu na tiketi: cha, cha, cha! Watoto waliigiza mlio huo mpaka nikachoka.

Tulishuka hekalu la Wat Pho kuona sanamu ya Buddha aliyelala, urefu wake mita 46. Mama alikataa kuingia, akakaa nje kivulini na kitinda mimba. Mimi nilinasa kwenye nyayo za sanamu: zimenakshiwa kwa magamba ya chaza, vijipicha 108, kazi ambayo fundi wa milango wa Mji Mkongwe angeisogelea akavaa miwani. Kasri la Kifalme lililo jirani tuliliacha. Foleni ilikuwa kwenye jua kali na watoto wameshaanza kununa.

Jioni tukaenda bustani ya Lumphini. Watu wanakimbia, wengine wananyoosha viungo. Ilipotimu saa kumi na mbili vipaza sauti vikapiga wimbo wa taifa, na bustani nzima ikasimama, wakimbiaji na jasho lao. Nasi tukasimama. Kilichoendelea na safari yake ni kenge mmoja, mrefu kumpita mwanangu, aliyetoka bwawani na kukata njia mbele yetu bila wasiwasi.

Wimbo ukaisha. Mama akanishika mkono. "Mwanangu, na kuku wao wanawafugia wapi?"