Siku moja maishani mwangu: naisaka bei ya chai yetu kwenye tovuti za Kirusi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Naanza mapema kwa sababu ya Vladivostok, mji wa mashariki ya mbali ya Urusi. Saa ya Mombasa na ya Moscow ni moja, zote UTC+3, lakini Urusi ina kanda 11 za saa, na muda huu Vladivostok imeshagonga saa saba na nusu mchana. Kwa hiyo nalifuata jua: Vladivostok kwanza, kisha Novosibirsk, Yekaterinburg, na Moscow mwisho.

Nimeajiriwa na kampuni inayopakia chai na kuiuza nje. Bei ya mnada wa Mombasa kila aliye kwenye biashara hii anaijua, kwa dola, daraja kwa daraja: BP1, PF1, PD na nyinginezo. Bei ya upande wa pili ndiyo iliyo gizani. Mnunuzi wa Novosibirsk analipa rubli ngapi kwa pakiti ya gramu 250 yenye majani ya Kericho ndani? Hiyo ndiyo naisaka, kwenye masoko ya mtandaoni ya Urusi: Ozon, Wildberries na Yandex Market. Kirusi nilikipata Voronezh, huko huko Urusi, nikiwa mwanafunzi.

Saa moja na nusu

Skripti, yaani programu ndogo zinazosoma kurasa na kuandika bei, zinakimbia kupitia proksi za majumbani. Ombi linatoka kwenye kompyuta yangu, linapita lango la kampuni inayotuuzia huduma, kisha linatokea kwenye intaneti ya nyumba fulani huko Urusi. Tovuti inaona anwani ya IP ya mteja wa kawaida wa Rostelecom, kampuni ya intaneti ya Urusi, na kumfungulia ukurasa uleule anaofunguliwa jirani yake. Anwani ya kituo cha data huishia kwenye kapcha juu ya kapcha, yale majaribio ya kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Anwani ya Mombasa nayo huonyeshwa ukurasa wa mgeni, au hufungiwa mlango kabisa.

Ila anwani peke yake haitoshi, na hapa ndipo data nyingi huharibika bila mtu kujua. Masoko haya huangalia pia kituo ambacho mteja amechagua kwenda kuchukulia mzigo. Anwani ikiwa ya Novosibirsk na kituo kikabaki cha Moscow, utaandika bei ya Moscow ukiamini ni ya Siberia. Lazima vyote vikubaliane: anwani, kituo, lugha ya kivinjari, hata saa ya kivinjari. Na anwani naishikilia ileile mpaka nimalize mji mmoja. Ikibadilika katikati, tovuti inaweza kunirudisha Moscow.

Picha na video nazizima, kwa sababu tunalipishwa kwa gigabaiti.

Saa tatu

Nafungua kurasa chache kwa mkono ili kuhakiki. Chukua ukurasa mmoja wa chai ya Kenya ya chembechembe kwenye Ozon. Kuna bei tatu. Ya kwanza imekatwa kwa mstari, kubwa, ya kumvutia mteja aone punguzo. Ya pili ni ya anayelipa kwa kadi yoyote. Ya tatu ni ya mwenye kadi ya Ozon yenyewe. Skripti isiyofundishwa itachukua ile iliyokatwa, na ripoti nzima itasema chai yetu inauzwa ghali kuliko ilivyo. Mimi hurekodi zote tatu, pamoja na uzito, kwa sababu pakiti ya gramu 200 iliyopangwa kando ya ya gramu 250 hudanganya macho. Kisha nagawa kwa kilo.

Saa tano

Simu na mtu wa mauzo wa kampuni mpya ya proksi. Bei yake ni ya chini mno. Namuuliza swali ninalowauliza wote: "Kaka, hizi nyumba mmezipataje? Wenyewe wanajua?" Anazunguka, anazungumzia kasi, anazungumzia idadi ya miji. Namshukuru na kuagana naye.

Hili nalishikilia kwa dhati. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa 911 S5, mtandao uliokuwa ukikodisha anwani za IP zaidi ya milioni 19. Wenye kompyuta walikuwa wamepakua VPN za bure, bila kujua kwamba wageni wanapitishia uhalifu kwenye intaneti yao. Kila anwani ninayotumia ina mtu nyuma yake, huenda mzee wa Yekaterinburg anayetazama habari jioni. Sitaki kupita nyumbani kwake bila hodi. Tunalipa zaidi kwa kampuni inayoonyesha mkataba na wenye vifaa, na inayowaruhusu kujitoa wakati wowote.

Upande wa tovuti vilevile: nasoma robots.txt, faili ambamo tovuti huziambia programu kurasa zipi zisiguswe, naacha sekunde kadhaa kati ya ombi na ombi, siingii kwenye akaunti ya mtu. Maoni ya wateja nayasoma, majina yao siyachukui.

Saa nane mchana

Baada ya swala na chakula, Kazakhstan. Wengi husahau kwamba soko la Kirusi haliishii Urusi. Kaspi, soko la mtandaoni la huko, ina ukurasa wa Kirusi, na Wakazakh wanaipenda sana chai ya Kenya ya chembechembe kwa sababu ina nguvu na inabeba maziwa. Maoni yao ndiyo shule yangu: wanalalamikia vumbi chini ya boksi, wanasifu rangi.

Saa kumi

Bosi ameketi na jedwali mbele yake.

"Mwanangu, mbona Vladivostok kilo iko juu hivi?"

"Pakiti ndogo, mzee. Wauzaji wengi kule wameweka gramu 100 tu. Na mzigo unatoka maghala ya magharibi, mteja anasubiri siku nyingi."

"Ghala la karibu hakuna?"

"Yapo. Chai ya Kenya ndiyo sijaiona humo."

Ananiagiza safu mpya kwenye jedwali: mzigo unatoka ghala gani, na unafika baada ya siku ngapi. Naiongeza kwenye skripti kabla ya kufunga ofisi, naijaribu kwa bidhaa moja ya Vladivostok, inasoma vizuri.