"Shikilia Hapo Kidogo"

Jumapili, usiku

Wiki nzima imenikaa kichwani sentensi moja, ile ambayo wasimamizi huitoa wakiwa wamesimama mlangoni: "Naomba ushikilie hapo kidogo." Mtu amekwenda likizo ya uzazi, mwingine ameacha kazi ghafla, au mfumo mpya unaletwa na hakuna anayeujua. Haiji na barua, haina cheo wala nyongeza, ndiyo maana wengi huikwepa wakisubiri nafasi itakayotangazwa ubaoni. Mimi naamini kabisa kwamba kazi ndefu yenye kuridhisha hujengwa zaidi na hizi za mlangoni, mradi mtu ajue kuzipokea.

Mfano ni Katherine Johnson, mwanahisabati wa Marekani. Alianza kazi mwaka 1953 Langley, Virginia, kwenye maabara ya NACA, shirika la serikali la utafiti wa ndege, katika kundi la wanawake weusi waliokuwa wakikokotoa hesabu za wahandisi wa ndege. Wiki 2 tu baadaye msimamizi wake, Dorothy Vaughan, alimpeleka kwa muda idara ya utafiti wa urukaji. Ule muda haukuisha. NACA ikaja kuingia NASA, shirika la anga za juu la Marekani, mwaka 1958, naye akabaki hadi alipostaafu 1986. Mwaka 1962, kabla mwanaanga John Glenn hajaizunguka dunia, ni yeye aliyeombwa kuzihakiki upya, kwa mashine yake ya mezani, hesabu zilizotoka kwenye kompyuta.

Vaughan mwenyewe ananigusa zaidi. Kompyuta zilipoanza kuingia na kutishia kuimaliza kazi ya kukokotoa kwa mkono, alijifunza FORTRAN, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kisha akawafundisha wenzake. Alikuwa ameajiriwa mwaka 1943, akastaafu 1971. Tazama wakati aliouchagua: kazi ya zamani ilikuwa bado ipo. Anayengoja meza yake iondolewe ndipo ajifunze, hujifunza kwa hofu, na mara nyingi hana tena mtu wa kumuuliza.

Sasa niandike yale yanayoharibu, kwa sababu huruma yangu iko kwa wanaosema ndiyo kwa moyo mweupe halafu wanaishia kuchoka.

Kosa linaloongoza ni kuongeza bila kupunguza. Tuseme wiki yako ya kazi ina saa 40, nazo zimejaa. Jukumu jipya linataka 8. Wiki 2 au 3 za mwanzo utazipata kwa kuchelewa kutoka na kula ukiwa mezani. Baadaye kazi ya zamani huanza kupwaya: ripoti inachelewa siku moja, kosa dogo linapita. Na tathmini ya mwaka ikifika, utapimwa kwa majukumu yaliyoandikwa, ambamo lile jipya halimo. Umefanya kazi zaidi, umeonekana umefanya kidogo. Huo si uonevu wa mtu. Ni karatasi tu ambayo haikurekebishwa.

Kwa hiyo jibu la mlangoni liwe fupi: "Niko tayari. Naomba hadi kesho mchana nipange majukumu yangu." Kesho yake tuma barua pepe ya mistari michache:

"Habari za kazi, mkuu. Nathibitisha kwamba nitashikilia ratiba ya zamu kwa wiki 12 kuanzia Jumatatu. Nakadiria saa 8 kwa wiki. Ili nizipate, napendekeza ripoti ya stoo iandaliwe na mwenzangu kwa kipindi hicho. Naomba unitathmini wewe mwenyewe kwa kazi hii. Wiki ya 6 naomba tukae tuone inavyokwenda."

Kila mstari una sababu. Wiki 12 zinakukinga na kukaimu kusikokwisha, kwa sababu kipindi kisicho na tarehe hakuna anayekumbuka kukifunga. Makadirio ya saa yanamsaidia mkuu kuona kwamba muda unatoka mahali fulani. Kumtaja anayetathmini kunazuia hali ya mabwana wawili, ambapo kila mmoja anadhani unamtumikia mwingine. Na mapendekezo huwekwa kama mapendekezo: mkuu akikataa kumpa mwenzako ripoti, basi mjadala unahusu kipi kisubiri, na mmeufanya kabla ya mambo kuharibika.

Makabidhiano nayo. Watu huandika "ripoti ya stoo, kila Alhamisi" wakaishia hapo, halafu simu hailali. Ukurasa mmoja unatosha ukibeba mambo ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote. Kwa mfano: takwimu huchukuliwa saa 4 asubuhi, kwa sababu kabla ya hapo bidhaa zilizopokelewa usiku hazijaingizwa. Safu ya 7 hujazwa kwa mkono, mfumo hauhesabu vilivyorudishwa. Jumla zikikataa kulingana, anza kuangalia vipimo, kuna mtu anaandika katoni na mwingine anaandika kipande kimoja kimoja. Mwache mwenzako aandae ripoti 2 ukiwa pembeni, umekaa tu, hushiki kipanya. Ukikishika hajajifunza.

Katika kazi mpya yenyewe, usibadilishe kitu wiki 2 za kwanza isipokuwa kinachodhuru. Utaratibu unaoonekana wa kijinga mara nyingi uliwekwa baada ya ajali fulani, na wanaoijua ajali hiyo bado wapo, waulize. Weka daftari. Kila Ijumaa dakika 20: nilichofanya, tarakimu yake, nilichouliza na nani alinijibu. "Nilisimamia zamu" haisemi lolote baada ya miaka 3. "Nilipanga zamu za watu 24 kwa wiki 12, pengo za zamu zikashuka kutoka 5 kwa wiki hadi 1" inasema, lakini huwezi kuikumbuka kama hukuiandika Ijumaa ile.

Si kila kinacholetwa mlangoni ni nafasi. Kuandika kumbukumbu za vikao, kuagiza chai ya wageni, kukusanya michango: kazi hizi zina heshima yake, ila zikimwangukia mtu yuleyule kila mara zinamla miaka. Kipimo ninachokiamini ni swali moja: baada ya miezi 6 nitaweza kufanya nini ambacho leo siwezi? Jibu likikosekana, omba kwa adabu ziwe za zamu. Ni ombi ambalo mkuu hupata shida kulikataa mbele ya wengine.

Mazungumzo ya mwisho yasingoje wiki ya 12. Yaanze wiki ya 10, kwani kupata kibali cha bajeti au kumwandaa mtu mwingine huchukua siku. Sema wazi unachotaka: kuthibitishwa, au kurudi. Kurudi hakuna aibu, ujuzi unarudi nawe. Na ukirudi, kaa kwanza na mwenzako aliyeishika ripoti ya stoo. Huenda ameipunguza kutoka saa 3 hadi 2, na huenda ameipenda. Muulize kama angependa kuendelea nayo.