Unaanza kunyanyua vyuma Mtwara? Tazama na sahani

Vyuma vya saruji iliyomwagwa kwenye makopo vinafaa kabisa, ila vipime kwanza kwenye mizani. Upande mmoja wa bomba linaloshika vyuma ukizidi hata kilo moja, bomba linaweza kulala na mgongo ukapinda kulifuata.

Siku tatu kwa wiki zinatosha. Chuchumaa na chuma begani, kisukume ukiwa umelala chali, kivute kutoka chini: seti tatu, kila seti mara nane. Ukimaliza zote bila kuyumba, ongeza kilo 2.5. Magoti yakiingia ndani, punguza, usibishane.

Lakini wengi huku wanakwama mezani. Ugali wa muhogo unashibisha na nguvu unatoa, ila protini yake ni kiduchu mno. Mtu wa kilo 60 anayenyanyua alenge gramu 95 hivi kwa siku. Yai lina gramu 6, samaki wa gramu 100 kama 20, kikombe cha mbaazi zilizoiva kama 11. Korosho nazo ni nzuri, ila gramu 100 zina kalori kama 550. Mwenye kitambi ale kiganja kimoja tu. Poda za protini za kopo? Nunua dagaa kwanza.