Jamsetji Tata kabla ya chuma: kiwanda cha Nagpur kwa macho ya fundi nyuzi

Hapa Arusha jina la Tata wengi hulisoma kwenye malori na mabasi. Mimi nililisikia kwanza katika chumba cha kusokota nyuzi cha kiwanda kimoja cha nguo cha mjini, ambako nilikuwa fundi kwa miaka 14. Msimamizi wetu, mzee wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Tanga, kila nyuzi zilipokatika ovyo alitikisa kichwa na kusema kwamba huko Nagpur, India, jambo hilo lilishatatuliwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Nilipostaafu niliamua kusoma habari za Nagpur hiyo, na nikagundua kwamba mzee wetu hakuwa akitia chumvi sana.

Jamsetji Nusserwanji Tata, mwanzilishi wa kampuni zenye jina hilo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1839 katika mji wa Navsari, Gujarat, katika ukoo wa makuhani wa Kiparsi, yaani Wahindi wa asili ya Uajemi wanaofuata dini ya Zoroasta. Baba yake aliuacha ukuhani akaenda kufanya biashara Bombay, na kijana akasoma katika Chuo cha Elphinstone hadi mwaka 1858, kisha akatumwa Hong Kong kusimamia tawi la biashara. Wanaomsifu huipita haraka sehemu hii, lakini mimi naona ni haki kuitaja: bidhaa walizopeleka China zilikuwa pamba na afyuni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoisha mwaka 1865, pamba ya Marekani ilirudi sokoni na bei ya pamba ya India ikaanguka, naye alikuwa London akiwa na hati za malipo zisizokuwa na thamani tena, akalazimika kuwakabili wadai mmoja baada ya mwingine na kuwaeleza hali ilivyo. Kilichoiinua tena familia ni zabuni ya kulihudumia jeshi la Waingereza lililokwenda kupigana Uhabeshi mwaka 1868. Mwaka huohuo alianzisha kampuni yake mwenyewe kwa mtaji wa rupia 21,000.

Mwaka uliofuata alinunua kinu cha mafuta kilichofilisika, akakigeuza kiwanda cha pamba, na baada ya miaka miwili akakiuza kwa faida. Mfanyabiashara wa kawaida angerudia mchezo huo mara kumi. Yeye alikwenda Lancashire, eneo la viwanda vya pamba huko Uingereza, kuutazama ufundi wenyewe, akarudi na wazo ambalo wenzake wa Bombay walilicheka: kiwanda kisijengwe bandarini kwenye mabenki na madalali, bali kiifuate pamba huko inakolimwa. Alichagua Nagpur, katikati ya nchi, kwa sababu pamba ilikuwa karibu, reli ilikuwa imefika, na maji na makaa ya mawe yalipatikana. Eneo alilonunua lilikuwa la kinamasi, na inasimuliwa kwamba tajiri mmoja wa mji huo alikataa kumkopesha akisema mtu huyu anafukia dhahabu ardhini, ila baadaye akakiri kwamba alifukia udongo akavuna dhahabu. Mimi niliyezoea kuona marobota ya pamba yakisafirishwa kutoka Kanda ya Ziwa hadi Arusha, huku gharama ya usafiri ikiila faida kabla hata robota halijafunguliwa, sihitaji kushawishiwa kwamba Tata alipiga hesabu sawasawa.

Kiwanda kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1877, siku ambayo Malkia Victoria wa Uingereza alitangazwa kuwa “Empress”, yaani malkia mwenye cheo cha kaisari, wa India, na kwa sababu hiyo kikaitwa Empress Mills. Mitambo ya kwanza haikuwa mizuri, naye hakuona haya kuibadilisha. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo nchini humo kujaribu mashine za ringi, ambazo husokota uzi na kuuviringa kwa wakati mmoja pasipo kusimama, wakati mashine za zamani zilivuta kwanza, zikatulia, ndipo zikaviringa. Aliweka pia mitambo ya kuingiza hewa na kuongeza unyevu ndani ya vyumba, kwa maana hewa ikikauka uzi wa pamba hukatika. Sisi, miezi ya ukavu ilipofika, tulimwaga maji sakafuni kwa ndoo, kwani mtambo wa unyevu ulikuwa umeharibika na kila mwaka tuliambiwa vipuri vimeshaagizwa.

Shida nyingine ya Nagpur ilikuwa mahudhurio. Wafanyakazi walikuja leo na kesho wakabaki nyumbani. Badala ya kuwatoza faini, Tata na meneja wake, Bezonji Mehta, walianzisha zawadi na siku za michezo kwa familia, kisha mfuko wa pensheni mwaka 1886, na fidia kwa walioumia kazini mwaka 1895, yaani miaka 2 kabla ya Bunge la Uingereza kupitisha sheria ya fidia ya namna hiyo. Nikiwa mtu aliyesubiri mafao yake kwa miaka mingi, sehemu hii niliisoma mara mbili.

Si kila alichogusa kilistawi. Mwaka 1886 alinunua kiwanda kibovu huko Kurla, akakiita Svadeshi, na mitambo yake chakavu nusura imwangushe. Jaribio lake la kuanzisha safari za meli hadi Japani ili kuwapunguzia nguvu wenye meli wa Kiingereza lilishindwa, kwa kuwa washindani walishusha nauli hadi wateja wake wakamkimbia.

Mambo yaliyomletea umaarufu mkubwa zaidi yalikuja mwishoni, na mengine alipokuwa hayupo tena. Hoteli ya Taj Mahal ya Bombay ilifunguliwa Desemba 1903, naye akafariki Bad Nauheim, Ujerumani, tarehe 19 Mei 1904. Taasisi ya sayansi ya Bangalore, ambayo aliahidi kuichangia sehemu kubwa ya mali yake, ilianzishwa mwaka 1909. Kampuni ya chuma iliundwa na wanawe mwaka 1907 na kutoa chuma cha pua mwaka 1912. Kuhusu mji wa kiwanda hicho, alikuwa amemwandikia mwanawe Dorab tangu mwaka 1902 kwamba barabara ziwe pana na zipandwe miti ya kivuli, nusu yake iwe ya aina inayokua upesi, na kwamba patengwe viwanja vya mpira pamoja na maeneo ya mahekalu, misikiti na makanisa. Mwaka 1919 mji huo ulipewa jina la Jamshedpur.

Ile Empress Mills ilisokota nyuzi kwa zaidi ya miaka 100, kisha nayo ikafungwa. Chumba chetu cha kusokota sasa ni ghala, na mashine za ringi ziliuzwa kama chuma chakavu.