Kris ya Kimoro: soma umri wake kabla hujashika msasa

Kris ni upanga wa Wamoro, Waislamu wa Mindanao na Sulu kusini mwa Ufilipino. Ukiupeleka wenye kutu kwa fundi wa kuchomelea pale Nyakato, hapa Mwanza, atawasha grenda, na baada ya dakika tano bapa litang'aa kama sufuria mpya. Umri wake ndio utakuwa umekwenda na cheche.

Ushahidi mkubwa uko juu ya bapa, pale linapopanuka kukutana na mpini. Sehemu hiyo pana inaitwa gangya. Kwenye kris za zamani ni kipande cha peke yake kilichovishwa kwenye msuka (sehemu nyembamba ya chuma inayoingia ndani ya mpini), na mshono wake unaonekana kama mstari mwembamba. Wakusanyaji husoma hivi: mshono ulionyooka ukingo hadi ukingo, karne ya 18 au mwanzoni mwa 19, mshono unaojikunja kwa pembe ya nyuzi 45 hivi karibu na mwisho wake, karne ya 19 hadi mwanzo wa 20. Kuanzia miaka ya 1930 hivi, gangya na bapa vilifuliwa pamoja, na wahunzi wengine wakachora tu mstari wa kuigiza. Chukua kioo cha kukuza, uangalie ukingoni: mshono wa kweli unakata ukingo na kutokea upande wa pili. Wa kuchora unaishia juu juu.

Kanuni hii haitoshi peke yake. Mawimbi ya bapa hayakupi umri. Kuna kris nyoofu za zamani na za juzi. Mpini nao ulibadilishwa mara nyingi, kwa hiyo kichwa cha mpini chenye umbo la kakatua, ndege wa jamii ya kasuku, kinaweza kuwa na umri mdogo kuliko chuma. Angalia pia asang-asang, yaani vibanio vya shaba au fedha vinavyoshika gangya na kuingia chini ya uzi wa mpini. Kris nyingi za watalii zilizotengenezwa baada ya 1945 zina bapa jembamba lisilo na matabaka ya chuma.

Kichwa cha mpini kikiwa cha pembe ya ndovu, simama kwanza. Hapa Tanzania hiyo ni nyara ya serikali, na kukaa nayo bila kibali ni kosa. Nenda kwa maofisa wa wanyamapori kabla ya kwenda kwa fundi.

Sasa kutu. Ile nyeusi iliyotulia iache. Nyekundu inayoacha unga kidoleni, ifunge kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, zungushia nailoni, ilale usiku mzima. Stiliwaya ya jikoni ni nzito mno. Tafuta ile laini ya maseremala, namba 0000, usugue kufuata urefu wa bapa. Kwenye vishimo tumia kijiti cha mwanzi.

Kurudisha mchoro wa matabaka, ile mistari ya chuma kilichofuliwa tabaka juu ya tabaka, ni kazi ya ndimu. Osha bapa kwa sabuni, kausha, pangusa kwa asitoni ili kuondoa mafuta, na kuanzia hapo usilishike kwa vidole vitupu. Ziba mshono wa gangya kwa nta ya nyuki. Kamua ndimu sita, chuja, pasha moto kidogo, kisha paka kwa pamba huku ncha ikielekea chini. Mtu akisahau nta au kuelekeza ncha chini, asidi huvutwa ndani ya mshono, na miezi baadaye kutu huchipuka kutoka ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Chuma kikishageuka kijivu na mistari kuonekana, kwa kawaida ndani ya dakika 10 hadi 15, osha kwa magadi ya kupikia, vijiko viwili kwa lita moja, kisha maji ya moto. Kausha papo hapo, paka mafuta ya cherehani.

Mpini ukilegea, usiuvute: ulishikizwa kwa utomvu, na ukivuta vibanio hukatika. Usimimine gundi ya epoksi pia, maana anayekuja baadaye hataweza kuufungua.

Ziwa letu, Viktoria, ni la maji baridi, hivyo bapa halipati chumvi ya hewani kama lingekaa Tanga. Unyevu wa masika lakini unatosha kuliharibu likiwa ndani ya ala, kwa sababu mbao hunyonya maji na kuyashikilia. Hifadhi ala kando, bapa lifunge kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta, na Machi hadi Mei lipanguse kila wiki mbili.