Saa yangu ya wapimaji naijaza mwenyewe

Nilipoingizwa kwenye orodha ya wanariadha wanaopimwa dawa zilizokatazwa michezoni hata nje ya mashindano, meneja alituambia kambini tumpe maneno yetu ya siri ya mfumo wa mtandaoni tunaojaza mahali tutakapopatikana, msaidizi wake atatujazia kila kitu. Wengi walimpa. Mimi nilimshukuru nikakataa. Kanuni zinaruhusu mtu mwingine akujazie, lakini akikosea, kosa linaandikwa kwa jina lako.

Kazi yenyewe iko hivi. Kabla ya kila robo ya mwaka kuanza, naandika nitalala wapi kila usiku, nitafanyia mazoezi wapi na nitashindana wapi. Kisha kwa kila siku nachagua dakika 60, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku, ambazo lazima nipatikane mahali nilipotaja. Wanaweza kuja wakati mwingine wowote pia, ila ukikosekana ndani ya saa hiyo, unahesabiwa kosa. Makosa matatu ndani ya miezi 12, yawe ya kukosekana au ya kujaza vibaya, ni ukiukaji kamili. Kwa kawaida unafungiwa miaka miwili, hata kama mkojo wako haujawahi kukutwa na chochote.

Hapa Iten, mji wa Kenya tunakofanyia mazoezi, nilichagua saa kumi na moja hadi kumi na mbili alfajiri, kwa sababu muda huo niko kitandani na mbio hatujaanza. Shida ilikuwa lango. Mpimaji halazimiki kukupigia simu: anabisha na kusubiri hadi saa iishe. Kwa hiyo kwenye anwani niliandika rangi ya lango, kanisa lililo jirani na namba ya chumba, halafu nikaenda kuongea na mlinzi.

“Mzee, akija mtu alfajiri akiniulizia, tafadhali usimwambie nimelala. Mfungulie.”

“Hata akiwa wa kudai deni?”

“Hata huyo, mzee.”

Safari za ghafla ndizo ngumu. Mjomba alipofariki, ilibidi nishuke Bonde la Kerio jioni ileile. Huko kwetu mtandao ni wa kubahatisha, basi nilibadilisha mahali pa kulala nikiwa bado stendi, kabla matatu haijaanza kuteremka. Mama alinuna: “Tumefiwa, na wewe uko kwenye simu!” Nikamwambia, “Mama, dakika mbili tu.” Alinielewa baadaye, nilipomweleza habari za Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni. Mwaka 2020 alifungiwa miaka minne kwa kukosa vipimo na kwa kutoa maelezo ya uongo. Alikosa kipimo mwezi Mei 2019, akasema alizuiwa na lori lililopinduka barabarani, kumbe picha aliyoleta ilikuwa ya ajali ya Agosti. Hakukuwa na dawa yoyote katika kesi hiyo.

Upande wa dawa nina desturi moja tu: siondoki dirisha la dawa bila jina la dawa niliyopewa. Nyonga iliponisumbua, daktari wa kliniki alitaka kunichoma sindano, akasema ni ya maumivu, ya kawaida. Nikamwomba aniandikie jina. Ilikuwa triamsinoloni, dawa ya kundi la glukokortikoidi, yaani steroidi za kutuliza uvimbe. Tangu 2022 sindano zote za kundi hilo la steroidi haziruhusiwi wakati wa mashindano, na hii ikichomwa kwenye msuli inashauriwa usubiri siku 60 kabla ya kushindana. Mbio zangu zilikuwa karibu zaidi ya hapo. Daktari hakukasirika, alinipa ibuprofeni na kunielekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kama ningeihitaji kweli, ningeomba kwanza kibali cha matibabu, yaani ruhusa ya kutumia dawa iliyokatazwa kwa sababu ya ugonjwa. Boksi la dawa nalipiga picha, maana fomu ya wapimaji inauliza ulichotumia siku saba zilizopita, na saa kumi na moja alfajiri nani anakumbuka?

Siku hizi mdogo wangu mmoja wa kambini huja na simu yake Jumapili jioni. “Dada, nijazie basi.” Namwambia akae hapo, ajaze mwenyewe. Mimi namsomea tarehe tu.